Nilivyomshauri baba mdogo vibaya kuhusu kolesteroli

Najua nimepotea, karibu mwezi mzima sijaandika kitu. Kwanza kulikuwa na UE, na si mnajua mambo ya UE, mtu unaota desa hata usingizini. Halafu nikaenda likizo nyumbani Ilemba. Wale mnaodhani Sumbawanga ndio mwisho wa dunia, sisi kwetu ukifika Sumbawanga ndio safari inaanza. Unaacha baridi ya juu Ufipa, unashuka ule ukingo wa bonde karibu mita 1,000, masikio yanaziba, sweta unavua, na chini kule joto, mashamba ya mpunga, ng'ombe wa Wasukuma, na Ziwa Rukwa linang'aa kwa mbali. Hapo ndio kwetu.

Nilipanga niwaandikie vituko vya safari. Ila yaliyonikuta kule ni mengine kabisa, na yalianzia kwenye mdomo wangu mwenyewe. Leo mtanivumilia.

Ni hivi. Nina baba mdogo ambaye ndiye aliyenilipia ada mpaka nikamaliza kidato cha sita. Kazi yake ilikuwa samaki. Ananunua magege ziwani, anafunga matenga mawili kwenye baiskeli ya mzigo, alfajiri anaanza kuisukuma kupanda mlima kwenda Kalambanzite kuuza kwa watu wa juu. Kuisukuma, sio kuiendesha, manake ile njia hamna binadamu wa kuiendesha na mzigo. Mara mbili au tatu kwa wiki, kwa miaka kama 15. Mimi mwenyewe nikiwa darasa la sita nilimsindikiza siku moja, nikafika nusu nikalia.

Mwaka 2014 akanunua pikipiki. Tangu hapo hata kwenda kwa jirani kuomba moto anaiwasha.

Mwaka jana akaanza kusikia kifua kinabana akitembea haraka. Akaenda hospitali mjini, wakampima. Presha imepanda kidogo, na kolesteroli mbaya, ile inayoandikwa LDL, imesoma 4.6. Wakamwambia iko juu, wakampa vidonge vya atorvastatini, kila siku kimoja, na arudi baada ya miezi 3. Akanipigia simu. Nakumbuka vizuri nilikuwa kwenye foleni ya msosi.

"Mwanangu, wewe ndio msomi wetu. Hii kolesteroli ni kitu gani?"

Jamani, mimi nasoma ualimu, Fizikia na Hesabu. Kolesteroli ninaijua kwa kuisikia tu. Ila wiki hiyo nilikuwa nimesoma mahali kwamba wakimbiaji wa mbio ndefu wana damu safi, mafuta yote yanachomwa. Nikajibu kwa sauti ya kidaktari kabisa: "Baba mdogo, hiyo ni pikipiki inakumaliza. Rudi kwenye mlima wako, itashuka yenyewe. Vidonge vya kila siku utameza mpaka lini?"

Akacheka kwa furaha. Nadhani alikuwa anamtafuta mtu wa kumwambia hivyo, na mtu mwenyewe nikawa mimi.

Vidonge akaacha. Mlima akarudi. Na kifua kilipobana akajiambia ni uvivu unatoka. Mwezi wa 7, akiwa katikati ya mlima na baiskeli ya mzigo, akasikia kama ng'ombe amemkanyaga kifuani. Jasho la baridi, maumivu yanapanda mpaka taya. Akakaa juu ya jiwe. Kijana wa bodaboda aliyekuwa anashuka ndiye aliyemchukua. Mshipa wa moyo ulikuwa umeziba. Yuko hai, namshukuru Mungu, anaongea na anatania kama zamani, ila kubeba ndoo ya maji hawezi.

Nilipofika nyumbani hakunilaumu hata kidogo. Nilipomsalimia "Shikamoo baba mdogo", akaitikia "Marahaba mwanangu, umekonda, huko chuo hamli?" Mama mdogo ndiye aliyenitazama. Hakusema neno, alinitazama tu halafu akaenda kuchochea moto.

Kwa hiyo nimerudi chuo na kazi moja kichwani, kujua nilimdanganya wapi. Nimesoma kuliko nilivyosomea UE. Mimi sio daktari, narudia, ila niliyoyakuta naona yanatuhusu wote, wa mlimani na wa Mlimani.

Kwanza, nusu ya niliyosema ilikuwa kweli, na ndio maana ilikuwa hatari. Kutumia mwili kwa muda mrefu kunaulinda moyo, na ushahidi mwingine uko hapa hapa kwetu. Miaka ya 1960 alikuja Tanganyika Mmarekani anaitwa George Mann, wa Chuo Kikuu cha Vanderbilt, kuwapima Wamasai. Wanakunywa maziwa, wanakula nyama, mafuta ya wanyama kwa wingi, na wakati ule Wamarekani walikuwa wanaambiwa mafuta hayo ndiyo yanaua moyo. Akakuta kolesteroli yao iko chini na magonjwa ya moyo karibu hayapo. Akawatembeza kwenye mashine ya kukimbilia, akakuta wana pumzi ya ajabu. Akasema ni kutembea.

Wengine wakabisha. Mwaka 1971 kundi jingine la watafiti lilieleza kwamba mwili wa Mmasai ukiletewa kolesteroli nyingi kwenye chakula unapunguza ile unayotengeneza wenyewe, kwa hiyo labda ni maumbile. Halafu mwaka 1972 Mann akatoa matokeo ya uchunguzi wa maiti za wanaume 50 wa Kimasai, na hapa ndipo nilipofunga kitabu nikatoka nje kupunga upepo. Mishipa yao ya moyo haikuwa safi! Ilikuwa na unene wa ndani kama wa wazee wa Kimarekani. Tofauti ni kwamba mishipa yenyewe ilikuwa imepanuka, kwa hiyo njia ya damu ilibaki wazi. Yaani bomba lina kutu, lakini ni bomba kubwa.

Hebu isome hiyo mara mbili. Watu wenye pumzi ya kutisha, kolesteroli ya chini, na bado kutu ipo. Mann mwenyewe alisema kinachowaokoa ni ukakamavu wa mwili. Hakusema mazoezi yanasugua mishipa ikang'aa. Mimi ndiye niliyesema hivyo, kwenye foleni ya msosi.

Ya karibuni zaidi ni ya Mtanzania mwenzetu, Julia Mbalilaki na wenzake, iliyochapishwa mwaka 2010. Walilinganisha Wamasai, Wabantu wa kijijini na Wabantu wa mjini, watu 985. Wamasai wengi walikula mafuta mengi na wanga kidogo, lakini vipimo vyao vya damu vilikuwa vizuri kuliko vya wenzao. Wakapiga hesabu ya nguvu wanayotumia kwa siku juu ya ile ya kupumua na kuishi tu: Mmasai kilokalori 2,565, wa kijijini 1,500, wa mjini 891. Hiyo 891 ni sisi wadau. Na nadhani mwanafunzi wa Mabibo anayepanda daladala kwenda lekcha, anakaa Yombo saa 3, anarudi kukaa kwenye laptopu mpaka usiku wa manane, hata hiyo anaitafuta kwa tochi.

Wahadzabe wa kule Ziwa Eyasi nao walivalishwa vipimo vya mapigo ya moyo, matokeo yakatoka mwaka 2017. Wanatumia mwili kwa nguvu ya kati au zaidi kwa kama dakika 135 kila siku, na presha kwao ni adimu. Shirika la Afya Duniani linatuomba dakika 150 kwa WIKI na tunalalamika.

Na kuna moja ya London ambayo naipenda kuliko zote. Mwaka 1953 daktari Jerry Morris alitoa utafiti wa madereva na makonda wa mabasi ya ghorofa. Basi moja, njia moja, maisha yanafanana. Dereva kakaa siku nzima, konda anapanda na kushuka ngazi kudai nauli. Makonda waliugua moyo kidogo kuliko madereva, na waliougua hawakufa ghafla kwa wingi kama madereva. Sasa nikipanda daladala namtazama konda aliyening'inia mlangoni kwa heshima mpya, ingawa chenji yangu bado naidai. Ila Morris alikuwa mtu mwaminifu, mwaka 1956 akaangalia saizi za sare zao akakuta madereva walikuwa na viuno vinene zaidi hata wakiwa vijana. Kwa hiyo sio ngazi peke yake.

Sasa kwenye karatasi ya maabara, mazoezi marefu yanafanya nini hasa? Hapa ndio kosa langu lilipo, naomba mnisikilize taratibu.

Damu inabeba mafuta ya aina kadhaa. Kuna trigliseridi, ambayo ni mafuta ya kuchoma, kama mkaa. Msuli ukifanya kazi kwa muda mrefu, kwenye vimishipa vyake kuna kimeng'enya kinachoyanyakua hayo mafuta kutoka kwenye damu ili yachomwe. Kwa hiyo trigliseridi inashuka, na inashuka vizuri. Ila faida hiyo inakaa siku moja au mbili, basi. Ukikaa wiki unarudi ulipokuwa. Ile miaka 15 ya baba mdogo kusukuma baiskeli haikuwekwa akiba mahali. Yeye aliamini iko akiba, na kijiji kizima kinaamini hivyo, "huyu mtu wa mlima, moyo wake chuma".

Kuna HDL, wanayoiita kolesteroli nzuri kwa sababu inabeba mafuta kuyarudisha kwenye ini. Hii mazoezi yanaipandisha, lakini kidogo mno. Mwaka 2007 walikusanya majaribio mengi wakayajumlisha, wakapata ongezeko la wastani wa kama 0.065 kwa vipimo hivi vya maabara zetu. Karatasi ya baba mdogo ilisema HDL 1.0. Ongeza hiyo 0.065, unapata nini? Na hata kuipata walisema unahitaji angalau dakika 120 kwa wiki. Tena kuipandisha namba yenyewe sio uponyaji. Kulikuwa na dawa inaitwa torcetrapib iliyoipandisha HDL juu sana, mwaka 2006 jaribio likasimamishwa kwa sababu waliomeza walikuwa wanakufa zaidi ya wasiomeza.

Halafu LDL, ile inayoingia kwenye ukuta wa mshipa na kujenga kutu. Ile 4.6. Hii mazoezi hayaigusi sana. Ukipungua uzito au ukibadilisha mafuta unayokula itashuka kiasi, lakini kukimbia peke yake, wengi wao haisogei. LDL inasimamiwa na ini, na ini la mtu linarithiwa kama pua. Vile vidonge vinafanya kazi huko huko kwenye ini, na vinaishusha kwa asilimia 30 mpaka 50. Nilimwambia mzee aache kitu kinachoshusha kwa karibu nusu, achukue kitu ambacho kwa namba hiyo hakifanyi karibu lolote. Kwa Fizikia na Hesabu zangu.

Mtauliza, sasa kama kolesteroli haishuki, mazoezi yanaulinda moyo kwa njia gani? Kwa njia nyingine nyingi! Presha inashuka. Sukari inashika adabu. Mishipa inajifunza kutanuka damu ikihitajika, moyo unapiga polepole kwa nguvu zaidi. Ni faida kubwa na hakuna kidonge kimoja kinachozitoa zote. Ndio maana nakasirika nikisikia mtu anapima mazoezi yake kwa namba ya kolesteroli. Asipoona imeshuka anaacha kukimbia. Au anakimbia halafu hapimi, kwa sababu "mimi nakimbia". Wote wawili wamekosea, na kosa ni lile lile.

Mfano wa wa pili mnaweza mkausoma wenyewe. Jim Fixx, Mmarekani, aliacha sigara na unene, akawa mkimbiaji, mwaka 1977 akaandika kitabu cha kukimbia kilichouzwa kupita kiasi. Baba yake alipata shambulio la moyo akiwa na miaka 35, akafa ana miaka 43. Mwaka 1983 Fixx alitembelea kliniki ya Dk. Kenneth Cooper kule Dallas, akakaribishwa apimwe moyo kwenye mashine, akakataa. Julai 1984 akafa akikimbia, miaka 52, mishipa ya moyo imeziba vibaya. Watu wakacheka wakasema mbio zimemuua. Mimi naona mbio zilimwongezea miaka juu ya ile 43 ya baba yake. Kilichomuua ni kuamini mbio zinatosha.

Huku chuo tunao akina Fixx wengi. Rumeti wangu (hatamind, nimemwomba ruhusa) anakimbia kila Jumamosi, tangu Simbu alipochukua dhahabu ya marathoni ya dunia Tokyo mwaka 2025 ndio kabisa, hakamatiki. Akirudi anapiga chipsi mayai mbili kwa sababu "nimeshachoma". Baba yake alianguka kwa kiharusi akiwa na miaka 44. Nimemwambia nenda kapime, ananiambia mimi sina kitambi. Kitambi na LDL sio ndugu, bwana! Kuna wembamba wengi damu imejaa.

Na huko nyumbani nako kuna maneno yao. Kolesteroli ni ugonjwa wa mabosi wa Dar. Sisi watu wa jembe na samaki haitupati. Kwa samaki wana hoja, sitawanyima. Mwaka 1996 ulitoka utafiti wa Ludewa, wakilinganisha wanakijiji wa Lugalawa wasiokula samaki na wenzao wa ufukweni mwa Ziwa Nyasa wanaokula samaki kila siku. Wa samaki walikuwa na presha ya chini na mafuta mazuri zaidi kwenye damu. Nilimsomea baba mdogo hiyo akafurahi sana, akasema kumbe magege ni dawa. Nikamwambia hapana, hatuanzi tena.

Maana Ilemba ya kwenye hizo hoja imeshabadilika. Pikipiki zimejaa. Mafuta ya kupikia ya madumu yanauzwa kila genge, sukari kwenye chai ni vijiko vinne, na jioni chipsi zinakaangwa sentani pale kama Manzese. Sisemi watu wauze pikipiki. Huo mlima mama wajawazito walikuwa wanabebwa kwa machela, na baba mdogo mwenyewe asingefika hospitali bila bodaboda. Pikipiki iliyomkalisha ndiyo iliyomwokoa, na mimi sina cha kuamua hapo.

Maoni yangu ni haya. Mtu wa kijijini anayeambiwa meza kidonge kila siku maisha yako yote, bila kuumwa popote, anahitaji maelezo ya zaidi ya dakika 2. Asipoelezwa atampigia simu mtoto aliye chuo. Na sisi watoto tulio chuo tunapenda kuulizwa, tunavimba kichwa, tunajibu. Wangapi mmewahi kushauri nyumbani kuhusu dawa za presha za mama? Msinijibu, jijibuni wenyewe. Jibu sahihi siku ile lilikuwa fupi: "Baba mdogo, sijui, usiache, ngoja nimuulize daktari." Na kifua kilichobana akitembea ilikuwa sababu ya kumwambia asipande mlima wowote mpaka apimwe moyo. Hilo ndilo linaloniuma kuliko kolesteroli yenyewe. Hata mtu mwenye afya, kama amekaa miaka 10, haanzi na mlima wa Ilemba.

Sasa hivi anameza vidonge vyote. Daktari amemruhusu kutembea tambarare, alianza na dakika 10, sasa yuko dakika 25 jioni kando ya majaruba ya mpunga, na mama mdogo anamfuata nyuma kwa mbali akijifanya anatafuta kuni. Baiskeli imeegeshwa nyuma ya nyumba. Jana nimempigia, nikamuuliza vidonge vimebaki vingapi, akahesabu kwa sauti, 11. Kopo jipya litatoka mjini na basi la Alhamisi, nimeshatuma hela kwenye simu ya mama mdogo, bumu likiwa limetoka juzi juzi tu.

Nimemuuliza pia kama amenisamehe. Akasema, "Kwani ulinisukuma?" halafu akaanza kunipa habari za ng'ombe walioingia shambani kwa mtu.

Haya, rumeti amekubali twende wote kupima Jumatano asubuhi, ila ana masharti, tutembee kwa miguu kutoka Mabibo na chai ni juu yangu. Umeme umerudi, ngoja nikapige pasi. Tuonane Jumatatu Yombo.